Jacksonville 1963: Wendell Scott alikosaje kikombe alichoshinda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Arusha. Nimesoma kwamba mwaka 1963 dereva mweusi wa Marekani, Wendell Scott, alishinda mbio za magari mjini Jacksonville akiwa mbele kwa mizunguko miwili mizima, lakini kikombe akapewa mzungu aliyekuwa wa pili. Baba yangu mdogo anasema ni makosa ya kuhesabu tu, kwa kuwa enzi hizo hakukuwa na kompyuta. Mimi naona mizunguko miwili ni mingi mno kuikosa. Ilikuwa bahati mbaya au ubaguzi? Na gari lake la mitumba liliwezaje kuyashinda ya matajiri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe salamu baba yako mdogo, maana hoja yake si ya kupuuzwa, na nitaipa nafasi yake. Ila nikuambie mapema ninapoelekea. Scott alishinda, na waandaaji wenyewe walikiri hivyo siku ileile. Kosa la kuhesabu lilikuwa jambo la kawaida na liliwapata hata madereva weupe. Ubaguzi wenyewe utauona katika yale waliyoyafanya baada ya kosa.

Kwanza ondoa kichwani picha ya Safari Rally. Kule gari linaondoka peke yake kushindana na saa, na mshindi anapatikana kwa kujumlisha muda. Mbio za Jacksonville, Florida, zilizofanyika tarehe 1 Desemba 1963, zilikuwa za kuzunguka kiwanja. Magari zaidi ya ishirini yanaanza pamoja, na la kwanza kutimiza mizunguko 200 ndilo linaloshinda. Kiwanja kilikuwa cha udongo, chenye mzunguko wa nusu maili, kama mita 800, yaani mara mbili ya uwanja wa riadha. Jumla yake ni maili 100, karibu kilomita 160.

Magari hayo waliyaita ya stoku, maana yake gari la aina ileile iliyokuwa ikiuzwa dukani: Ford, Chevrolet, Plymouth, Pontiac. NASCAR, chama alichokianzisha Bill France na wenzake Daytona Beach mwishoni mwa 1947, kilitaka mtazamaji aliyekuja na gari lake aone gari kama hilohilo likipambana. Kufikia 1963 umbo la nje tu ndilo lililobaki la dukani. Viti vya abiria vimeng'olewa, vyuma vya kulinda dereva vimechomelewa ndani, springi zimeongezwa ugumu, milango imefungwa moja kwa moja na dereva anaingilia dirishani.

Wewe fundi utaelewa udongo unafanya nini. Kabla ya mbio wanaumwagilia maji ili ushikane. Magari yakishazunguka mara hamsini, jua na matairi vinaukausha, vumbi linapanda, na pale kila mtu anapopita panachimbika mashimo na mifereji. Kwenye kona huwezi kulikata gari kwa usukani peke yake. Unalitupa ubavu, nyuma inachomoka kwenda nje, unageuza usukani upande wa pili huku mguu ungali kwenye mafuta. Fanya hivyo kona mbili kila nusu dakika kwa zaidi ya saa moja na nusu, ukipita kwenye mashimo yaleyale. Siku ile njia ya Jacksonville ilikuwa imechimbika vibaya.

Sasa twende kwenye meza ya wahesabu. NASCAR ilianza kuhesabu kwa mitambo ya elektroniki mwaka 1993. Kabla ya hapo kila gari lilikuwa na karani wake, mwenye kadi na kalamu, na mbele ya makarani kuna saa kubwa. Gari lako likipita kwenye mstari, unaandika muda unaouona kwenye saa. Mwisho kadi zinakusanywa na mizunguko inahesabiwa. Wakati mbio zikiendelea, wakubwa wa meza wanajumlisha harakaharaka ili mwenye bendera ajue nani anaongoza. Piga hesabu ndogo: magari ishirini, kila moja linapita karibu kila nusu dakika, kwa hiyo wastani wake ni gari moja kila sekunde moja na nusu. Hayaji kwa foleni ya heshima pia. Yanakuja matatu kwa pamoja ndani ya vumbi, na mawili kati ya hayo yameshapigwa mzunguko mzima na la tatu.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya mita 10,000, mashindano ya shule na ya mkoa. Mizunguko 25, vijana kama thelathini. Hadi mzunguko wa nane mambo ni mepesi. Kisha wa mbele wanaanza kuwakuta wa nyuma, na ghafla mbele yako kuna kundi la watu saba ambamo mmoja yuko mzunguko wa 14, wanne wako wa 13 na wawili wako wa 12. Mwaka mmoja mvua ilininyeshea karatasi, wino ukatoka, nikamgongea kengele ya mwisho kijana aliyekuwa bado na mizunguko miwili. Akakimbia kwa nguvu zake zote, akapita mstarini akainua mikono. Kijana aliyekuwa akiongoza kwa kweli akawa anatukodolea macho huku akiendelea kukimbia.

Kwa hiyo baba yako mdogo anasema kweli: mtu mwaminifu, aliyeshika kalamu kwa nia njema, anaweza kupoteza mizunguko miwili. Tena historia ya NASCAR iko upande wake. Februari 1959, mbio za kwanza za Daytona 500, Johnny Beauchamp alitangazwa mshindi na kupelekwa kupiga picha, kisha siku tatu zikapita wakichunguza picha na filamu mpaka wakasema mshindi ni Lee Petty. Juni mwaka uleule, kwenye kiwanja cha udongo cha Lakewood, Atlanta, kijana Richard Petty alitangazwa mshindi wa mbio kubwa kwa mara yake ya kwanza. Mtu mmoja akakata rufaa, hesabu zikarudiwa, ushindi ukahamishiwa kwa mkata rufaa. Mkata rufaa huyo alikuwa Lee Petty, baba yake mzazi.

Basi turudi Jacksonville. Scott aliondoka nafasi ya 15, gari namba 34, Chevrolet Bel Air ya 1962 aliyoinunua ikiwa imeshatumika kutoka kwa Ned Jarrett, bingwa wa 1961. Richard Petty, ambaye sasa alikuwa miongoni mwa madereva bora, alikuwa akiongoza, lakini gari lake liliumia. Ikiwa imebaki mizunguko 25, Scott akampita. Kuanzia hapo hakuna aliyemsogelea. Akatimiza mzunguko wa 200, akatazama bendera ya mirabaraba, ile ya kumaliza mbio, bendera haikushuka. Akazunguka tena. Haikushuka. Akazunguka mara nyingine. Ilipokuja kushuka, ilishushwa kwa Buck Baker, na wakati huo Scott alikuwa ameshazunguka mara 202.

Baker hakuwa mtu mdogo. Alikuwa bingwa wa 1956 na 1957. Akapelekwa kwenye sherehe, akapewa kikombe, akapigwa picha. Scott akadai kadi zikaguliwe. Zikakaguliwa. Saa kadhaa baadaye, majukwaa yakiwa matupu na Baker ameshaondoka na kikombe, wakubwa wakasema ndiyo, kulikuwa na makosa, mshindi ni Scott kwa mizunguko miwili. Akalipwa fedha za mshindi, dola 1,000. Kikombe hakikurudi. Baadaye alipewa kitu cha mbao, cha bei ya chini.

Hapa ndipo ninapoachana na baba yako mdogo. Kumbuka kadi ilivyoandikwa: muda wa saa kubwa, mstari mmoja baada ya mwingine. Karani akikosa mzunguko mmoja, kadi yenyewe inamsema. Juu imeandikwa nusu dakika, chini nusu dakika, katikati pamekaa dakika nzima. Hakuna gari linalotumia dakika nzima kuzunguka mita 800 bila watu wote kuliona likichechemea. Na kwa kuwa Scott alikuwa mbele kwa mizunguko miwili, kosa moja halikutosha kumweka Baker mbele. Kadi ya Scott ilipaswa kupungukiwa mara mbili au tatu, au ya Baker izidishwe hivyohivyo. Kutafuta pengo kama hilo kwenye kadi mbili ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayeijua meza. Nimeifanya. Siku ile ya mvua, msimamizi wetu alizuia medali zisitolewe, tukazilaza karatasi juu ya meza, tukawaita vijana wote wawili na walimu wao, tukaonyeshana mistari. Medali zikatolewa jioni, kwa aliyestahili, watu wakiwa bado wameketi. Yule niliyemgongea kengele kimakosa nilimwomba radhi mbele ya baba yake.

Jacksonville walikuwa na malalamiko mkononi na kadi mezani, lakini sherehe iliendelea. Ukweli ukatangazwa pale tu ambapo hakukuwa tena na wa kuusikia. Scott mwenyewe alieleza sababu hadi mwisho wa maisha yake: kila mtu pale alijua nani ameshinda, ila hawakutaka asimame na malkia wa urembo. Desturi ilikuwa mshindi apigwe busu na msichana huyo mbele ya kamera, na msichana alikuwa mzungu.

Ukitaka kujua busu hilo lilikuwa na uzito gani, ukumbuke mji ni upi. Agosti 1960, katikati ya Jacksonville, vijana weusi waliokaa kwenye mikahawa ya wazungu kudai wahudumiwe walishambuliwa na kundi la wazungu lililobeba marungu na mipini ya mashoka. Siku hiyo hadi leo inaitwa Jumamosi ya Mipini ya Mashoka. Mbio za Scott zilifanyika miaka mitatu baadaye, siku tisa baada ya Rais Kennedy kuuawa, na sheria ya kukomesha utengano kwenye mikahawa na mahoteli ilikuja kutiwa saini Julai 1964. Kwetu huku, siku kumi na moja baada ya mbio zile, bendera ya Kenya ilipandishwa. Wapo wanaosema waandaaji waliogopa fujo. Huenda waliogopa kweli. Lakini gharama ya hofu yao aliilipa mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa ameshinda.

Sasa swali lako la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi, kwa sababu ndilo linalomweka Scott mahali pake kama fundi na dereva badala ya kumbakiza kuwa mtu aliyeonewa tu.

Alizaliwa Danville, Virginia, tarehe 29 Agosti 1921. Alihudumu jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi nyumbani akaendesha teksi, akafungua gereji. Usiku alikuwa akibeba pombe haramu ya kuchemshwa, gongo la kwao, akikimbizana na polisi kwenye barabara za vumbi. Usimshangae, madereva wengi wa mwanzo wa mchezo huu, weupe kwa weusi, walitoka kwenye shughuli hiyo. Ndiko walikojifunzia kufanya gari la kawaida likimbie kuliko la polisi, na kulifanya springi zisilale likiwa na mzigo.

Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi ili wauze tiketi zaidi. Wakaenda kuwauliza polisi ni nani mweusi mwenye mguu mzito. Polisi wakamtaja yule waliyekuwa wakimfukuza. Ndivyo alivyoanza, akiwa kivutio cha tiketi, huku sehemu ya majukwaa ikimzomea. Viwanja vingine vilimfukuza getini. Alishinda mbio nyingi za madaraja ya chini, akawa bingwa wa Virginia wa daraja la Sportsman mwaka 1959, na Machi 1961 akaingia daraja la juu kabisa, mjini Spartanburg, South Carolina.

Daraja la juu lilikuwa la fedha. Timu kubwa zilikuwa na viwanda vya magari nyuma yao, injini mpya, mafundi wa kulipwa, matairi mapya. Scott alikuwa na gereji yake, watoto wake wa kiume kwenye eneo la mafundi, gari lililotumika na mwenzake, na mara nyingi matairi ambayo wengine walishayaacha. Injini akiiua leo, kesho hana mbio. Kwa hiyo ilimbidi aendeshe kwa namna ambayo mwenye injini tatu za akiba hahitaji kuijua.

Na hapo ndipo udongo uliochimbika wa Jacksonville ulipomkubali. Kwenye barabara laini, ndefu, nguvu ya injini ndiyo inayoamua, na mwenye fedha anakuacha. Kwenye nusu maili yenye mashimo, injini ya nguvu haina pa kuitolea nguvu hiyo. Kinachoamua ni kilicho chini ya gari: tairodi, bushi, springi, shokapu, rimu. Wewe unapokea kila siku magari yaliyotoka kwenye barabara za vijijini. Unajua gari linaloendeshwa na mtu mwenye haraka linakujaje, na la mtu anayelionea huruma linakujaje. Aliyezoea kulipia kila nati kwa fedha yake anausikia usukani ukianza kulegea kabla haujakatika. Anainua mguu kidogo kabla ya shimo, anapita pembeni ambako ni mbali zaidi lakini hakujachimbika. Gari la Petty liliumia, la Scott likafika mwisho na mizunguko miwili ya ziada juu yake. Usiliite bahati. Siku hiyo mbio zilihitaji hasa ufundi alioishi nao.

Kilichoniumiza zaidi katika habari hii ni kilichofuata. Dereva akishinda mbio za daraja la juu, kesho yake picha iko gazetini, na keshokutwa mwenye kampuni ya mafuta au ya matairi anapiga simu. Picha iliyotoka ilikuwa ya Baker. Scott aliendelea kwa mfuko wake karibu miaka kumi mingine. Mwaka 1966 alimaliza wa sita katika msimamo wa mwaka mzima, wa sita Marekani nzima, bila timu kubwa nyuma yake. Jumla alianza mbio 495 za daraja la juu, akamaliza ndani ya kumi bora mara 147. Hakushinda tena. Ajali kubwa ya Talladega, Alabama, mwaka 1973 ilimvunja mwili na kwa kweli ndiyo iliyofunga kazi yake. Alifariki Desemba 1990 akiwa na miaka 69, kikombe cha Jacksonville hajakishika.

Aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa NASCAR mwaka 2015. Kikombe chenyewe, kilichotengenezwa upya, NASCAR iliikabidhi familia yake Daytona tarehe 28 Agosti 2021, siku moja kabla ya ile ambayo angetimiza miaka mia moja. Ilikuwa imepita miaka 57 na miezi karibu tisa.

Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2021, Bubba Wallace akawa dereva mweusi wa pili kushinda mbio za daraja lile la juu, tena Talladega, palepale palipomvunja Scott. Mvua ilizisimamisha mbio baada ya mzunguko wa 117 kati ya 188, na ilipoonekana haitakatika wakaamua ziishie hapo. Mitambo ilikuwa na rekodi ya kila gari na mzunguko wake. Wallace alitangazwa mshindi hapohapo, akiwa bado na mafundi wake, akitokwa na machozi.